Kwa Hemedi, kuhusu watu wa nyumba ya Mtume

Ndugu yangu Hemedi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako nimeipata, na maneno ya ami yako yamenichekesha kabla ya kunikera. Ati anayewasifu sana watu wa nyumba ya Mtume ameanza kunuka Ushia? Muulize tahiyatu, ile ya kikao cha sala, yeye huisomaje, maana humo tunamswalia Muhammad pamoja na aali zake, yaani watu wa nyumba yake. Imam Shafi naye alisingiziwa hayohayo. Zipo beti mashuhuri zinazonasibishwa kwake: ikiwa kuwapenda aali Muhammad ndiko kuwa Rafidhi (jina la kuwabeza Mashia), basi watu na majini washuhudie kwamba yeye ni Rafidhi. Tena ndiye imamu anayemfuata ami yako!

Hadithi ya nguo uliyoniuliza imo katika Sahihi Muslim, na msimulizi wake ni Bibi Aisha, mkewe Mtume. Mtume (s.a.w.) alitoka asubuhi amejitanda nguo ya nywele nyeusi. Akaja mjukuu wake Hasan, akamwingiza ndani. Akaja Husein, nduguye Hasan, akaingia naye. Kisha mama yao Fatma, binti wa Mtume, kisha mumewe Ali. Halafu akasoma sehemu ya aya ya 33 ya Suratul Ahzab, kwamba Allah anataka kuwaondolea uchafu watu wa nyumba na kuwatakasa kabisa. Hebu fikiri: Aisha huyu ndiye aliyekabiliana na Ali katika Vita vya Ngamia mwaka 36 Hijria, na sifa hiyo ya Ali tumeipata kwake.

Kama wakeze Mtume nao wamo, ubishi wake ni mrefu. Aya za kabla yake zinawasemesha wao, kwa hiyo mimi siwatoi. Zayd bin Arqam, msimulizi wa wasia wa Ghadir Khum, ambapo Mtume aliusia kuhusu watu wa nyumba yake, alipoulizwa alijibu kuwa wakeze ni katika watu wa nyumba yake, ila waliokusudiwa pale ni walioharamishiwa sadaka: jamaa wa Ali, wa Aqil, wa Jaafar na wa Abbas.

Hiyo sadaka, Hemedi, wengi wanaipita mbio. Hasan, angali mtoto mdogo, aliokota tende moja katika tende za sadaka akaitia kinywani. Babu yake akamwambia, "Kikh, kikh!" aiteme, akamuuliza kama hajui kuwa wao hawali sadaka. Tende moja tu! Na Fatma, mikono imemuuma kwa kusaga, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Akapewa dhikri za kusoma wakati wa kulala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Mtume aliapa pia kwamba lau Fatma binti Muhammad angeiba, angemkata mkono. Ndiyo maana sharifu, yaani mzawa wa ukoo wa Mtume, anayetaka abusiwe mkono huku madeni ya watu hayalipi hanibabaishi, ingawa kwa ajili ya babu yake simvunjii heshima.

Mapenzi nayo hayakuwa ya kificho. Siku moja Mtume alikuwa akihutubu, wakatokea Hasan na Husein wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Akakata hotuba, akashuka mimbarini akawabeba, akasema hakuweza kuvumilia kuwaona vile. Mmoja wa watoto hao, Husein, ndiye aliyeuawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria (680). Kuhusu uimamu (haki ya kizazi cha Ali kuongoza) na umaasumu (kukingwa na dhambi) tunatofautiana na Mashia, na hilo silifichi. Lakini kumlilia Husein hakuhitaji ruhusa ya madhehebu.

Ami yako akishikilia msimamo wake, msomee kauli ya Abubakar, khalifa wa kwanza, iliyomo katika Bukhari, kwamba jamaa wa Mtume ni wapenzi zaidi kwake kuwaunga kuliko jamaa zake mwenyewe. Uniandikie amejibu nini. Mama mpe salamu zangu, na watoto pia.

Wassalaam,
Nduguyo