Mkaguzi asiishie kwenye leseni ya ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la mionzi ya hospitalini maana limenikaa rohoni. Juzi nilimpeleka mama kupigwa eksirei ya kifua, ukutani leseni ya mashine iko kwenye fremu na muhuri wake unaonekana tangu mlangoni, tulivyoingia ndani sasa nikaona ile aproni yenye madini ya risasi ya kukinga mionzi imekunjwa mara nne juu ya kiti kama blanketi, na pale kwenye mkunjo imeshaanza kuchanika. Aproni ile haikunjwi jamani, inatundikwa, kwa sababu risasi ya ndani ikipata ufa mionzi inapita hapohapo na kwa nje unaweza usione kitu. Kijana wa mashine alikuwa mpole na alimshika mama vizuri, ila beji yake ya kupimia mionzi ilikuwa inaning'inia kwenye droo, maana yake ikienda kusomwa itaonyesha hajapata kitu na yeye ataamini hivyo.

Sitaki kutisha watu. Eksirei moja ya kifua ni kama milisivati (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 0.1 tu, wakati mionzi ya asili inayotupata duniani ni wastani wa kama 2.4 hadi 3 kwa mwaka. Ila siti skani (CT scan, ile eksirei inayopiga picha nyingi kuzunguka mwili) ya tumbo inaweza kufika 8 au 10, na hapo ndo ukaguzi una kazi. Mfanyakazi kikomo chake cha kimataifa ni wastani wa 20 kwa mwaka, mtu wa kawaida 1, lakini mgonjwa hajawekewa kikomo, na ni sawa kabisa kwa sababu kuna anayehitaji dozi kubwa ya mionzi ili apone. Sasa kama hana kikomo, kinachomlinda ni daktari kuwa na sababu ya kuagiza hiyo picha, na mashine kutoa dozi iliyopangwa basi.

Mwaka 2009 hospitali moja ya Los Angeles, yenye kila kitu, iligundua siti skani ya ubongo ilikuwa inawapa wagonjwa dozi kama mara 8 ya inayotakiwa, zaidi ya watu 200, kwa miezi 18! Ilijulikana baada ya mgonjwa kusema nywele zinamtoka. Mashine haikuharibika, ilisetiwa vibaya, na leseni haiwezi kukuonyesha hilo.

Kwa hiyo wakaguzi waje bila kupiga simu kwanza, wapime dozi inayotoka kwa mgonjwa, aproni zipitishwe kwenye mashine ya eksirei zitazamwe nyufa, waangalie nani amevaa beji siku hiyo, halafu tarehe na matokeo vibandikwe mlangoni tunapokaa kusubiri, tusome wenyewe.

Mama amepangiwa siti skani mwezi ujao. Nitauliza dozi ni kiasi gani na mashine ilipimwa lini, na nisipojibiwa sitamwingiza.

Msomaji wenu