Kabla ya Moshi kuwa jiji, tuonyesheni mpaka utapita wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hoja ya Moshi kupandishwa hadhi kuwa jiji. Imesemwa kwa miaka mingi, na mimi siipingi. Tumekuwa manispaa tangu 1988, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 221,733 ndani ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 59 tu. Mji umejaa. Ila wanaoshabikia jiji hawatuambii ardhi ya kupanukia itatoka wapi.

Tukumbuke mji huu ulivyokaa. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, kulekule alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 iliishia huku chini kwenye tambarare, na mji ukaota kuizunguka stesheni. Matokeo yake Moshi imebanwa. Ukipanda unakutana na vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi ndani yake, vya Uru, Kibosho na Old Moshi. Ukishuka unakutana na mpunga wa Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyokamilika 1987. Mpaka ukisogezwa juu au chini, utaangukia shamba la mtu.

Mimi ni wa Uru, kwa hiyo nisemee vihamba. Kihamba si kiwanja. Ndani ya ekari moja au pungufu utakuta migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), zizi la ng'ombe wawili, na makaburi ya babu na bibi. Mpaka na jirani ni masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, na anayeng'oa isale anajua amechokoza ukoo mzima. Maji ya mfongo yana zamu, na zamu hizo zinasimamiwa na wananchi wenyewe.

Sasa kijiji kikiingizwa mjini kinageuka mtaa, na hapo ndipo wengi hawajaelewa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, una sauti juu yake. Mtaa hauna mamlaka hayo. Mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri kwenye barua ya utambulisho, lakini mambo ya ardhi yataamuliwa kwenye ofisi za mjini. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko jina la jiji, na haifai wananchi wayajue siku mpimaji anapokuja na vigingi vyake.

Tuna maswali ya kawaida kabisa. Viwanja vikipimwa, masale yatatambuliwa kama mpaka? Tutaendelea kuzika kihambani, au mzee wetu akifariki tutampeleka makaburi ya mjini? Ng'ombe wa zizini wataruhusiwa? Mfongo unaokatiza kwa majirani wengi utakuwa chini ya nani? Ndugu zetu wa Mabogini nao wana yao kuhusu mifereji ya mpunga, na naamini watayasema wenyewe.

Najua maombi ya aina hii hupitia mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kisha kamati za ushauri za wilaya na mkoa kabla ya kufika TAMISEMI. Utaratibu ni mzuri. Tatizo ni mkutano wa kijiji unaoitishwa kwa ajenda ya "mengineyo", watu wakanyoosha mikono bila kuona ramani.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa halmashauri zote mbili, ya Manispaa na ya Wilaya ya Moshi, wabandike ramani ya mpaka unaopendekezwa kwenye kila ofisi ya kijiji kinachoguswa, ikiwa na majina ya vitongoji, na wajibu maswali haya kwa maandishi kabla mkutano wowote haujapiga kura.

Mkazi wa Uru,
Moshi