Shukrani kwa Waliosimama na Watoto Wetu

Familia ya mpendwa wetu aliyeuawa vitani inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani, makamanda na askari wenzake, pamoja na usharika mzima, kwa kuwa nasi tangu taarifa ya msiba ilipotufikia hadi tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Si rahisi kumfikia kila mmoja, hivyo tunaomba salamu hizi zipokewe na wote waliotufariji kwa hali, mali na sala.

Shukrani za pekee ni kwa niaba ya watoto alioacha. Mchungaji alipofika jioni ile ya kwanza alikaa nao mkekani kabla ya kusalimiana na wakubwa, akawaeleza kwamba baba amekufa na hatarudi. Hakusema kwamba baba amelala wala kwamba amesafiri, kwani mtoto aliyeambiwa hivyo huweza kuogopa usingizi, au akabaki anasubiri hodi mlangoni. Mwili ulipoletwa katika jeneza lisiloweza kufunguliwa, na mdogo wao akauliza kama kweli baba yumo ndani, alijibiwa kwa upole na ukweli kila aliporudia swali. Walimu wa shule ya Jumapili nao walimwachia kila mtoto achague kusogea kaburini au kubaki nyuma na mtu anayemwamini.

Binti yetu alikataa kusali, akidai kwamba Mungu hakumlinda baba ingawa walimwombea kila usiku. Tunamshukuru mwinjilisti ambaye hakumkemea wala kumwambia kwamba Mungu alimpenda baba zaidi, maneno ambayo yangemfanya mtoto amwone Mungu kuwa mnyang'anyi. Alimsomea Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu hata lini, akamkumbusha kwamba Yesu mwenyewe alilia rafiki yake Lazaro alipokufa, kisha akampa karatasi aandike malalamiko yake yote. Hadi leo sala zake ni fupi na nyingine zina hasira, nasi tumeridhika nazo.

Tunawashukuru pia wazee waliojizuia kumwambia kijana wetu mkubwa kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Ni kauli ya nia njema iliyozoeleka misibani, lakini ni mzigo usiomfaa mtoto. Majirani mliokuwa mkizima redio habari za mapigano zilipoanza, tuliwaona.

Matanga yalipoanuliwa na wageni kuondoka, umoja wa wanawake uliendelea kuja, kwaya ya watoto ikawapokea wetu bila kuwakodolea macho, na walimu wa shule wakaelewa kwamba mtoto anayecheza na kucheka asubuhi anaweza kulia mchana, au kulalamika tumbo pasipo ugonjwa. Tunaomba uangalizi huo usikome, hasa siku ya kuzaliwa ya marehemu na siku alipouawa zitakapowadia.

Wale waliotumikia pamoja naye, au walioimba naye kwayani, ambao wana picha au kisa chochote kumhusu, hata cha kuchekesha, tunaomba wakikabidhi kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Anawatunzia watoto sanduku la kumbukumbu za baba yao, nao hulifungua wanapotaka wenyewe.