Mnapomtuma mchungaji, wakumbukeni na watoto wake

Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma habari ya familia ya mchungaji wetu mwingine anayeagwa kwenda kutumika Ujerumani, nikatazama ile picha ya watoto wamevishwa mashada, machozi yakanilengalenga. Sisi pia tuliagwa kwa kwaya na vitenge. Baba alikuwa amesomeshwa Kijerumani kwa miezi kadhaa. Kuhusu watoto, hakuna aliyeniuliza hata kadi zao za kliniki ziko wapi.

Tulifika Westfalia, magharibi mwa Ujerumani, mwezi wa Novemba, wakati wenzao wako darasani tangu Agosti. Sheria ya kule inamtaka kila mtoto wa umri wa shule aende shule, na kumfundishia nyumbani hairuhusiwi. Lakini kabla ya shule kuna kujiandikisha ofisi ya wakazi, na pale tuliambiwa vyeti vya kuzaliwa vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Vyeti tulikuwa navyo, tafsiri hatukuwa nayo.

Yakaja majina. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, baba naye la babu na la babu mzaa babu, nami nimebaki na majina ya kwetu. Karani alikuwa na pasipoti tano mezani zenye majina ya mwisho matatu tofauti, akatuuliza kwa upole kama hawa ni watoto wetu kweli. Hakuwa mtu mbaya, ila swali lile, likiulizwa mbele ya mtoto anayesikia, linauma.

Mtoto wetu mdogo alikataliwa chekechea. Tangu Machi 2020 kule hapokelewi bila uthibitisho wa chanjo ya surua. Alichanjwa miezi tisa na miezi kumi na nane kama watoto wote wa hapa, lakini kadi ilikuwa sandukuni nyumbani Kashai, hapa Bukoba.

Aliyeumia zaidi ni mkubwa. Alikaa nyumbani wiki saba, kila asubuhi yuko dirishani akiwatazama wenye mabegi wakipita. Alipopata nafasi aliwekwa darasa la nne, na huo ndio mwaka ambao walimu wa kule hupendekeza mtoto aendelee na sekondari ya aina gani, ile inayoelekea chuo kikuu au nyingine. Mtoto hodari wa hesabu, aliyekuwa wa pili darasani kwake Bukoba, akapimwa kwa lugha aliyoisikia miezi mitatu tu. Nilipomweleza hivyo mwalimu sikuwa na hata ripoti moja ya shule ya kumwonyesha.

Wamisionari walipokuja kuanzisha hospitali ya KCMC, shule ya watoto wao pale Moshi ilianza 1969 na hospitali ikafunguliwa 1971. Waliotutuma sisi hawakuifikiria shule hata baada ya ndege kuruka.

Naiomba dayosisi ifanye hivi: vyeti, kadi za kliniki na ripoti za shule vitafsiriwe kabla ya ibada ya kuaga, barua moja ieleze majina yetu yanavyoitwa, na familia isafiri Julai. Nasikia familia hii inayoagwa sasa imepangiwa Oktoba. Nawasihi tarehe hiyo ibadilishwe. Nami nipo Kashai, jioni yoyote nitakaa na mama yao tukague karatasi moja moja kabla hajafunga mizigo.

Mama Mchungaji,
Bukoba