Tangazo la shahada ya haraka litaje aliyetoa ithibati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matangazo ya shahada za haraka za mtandaoni yanayojaa magazetini na kwenye simu zetu: usome usiku, umalize kwa miezi sita, uajiriwe. Wengi wanauliza kama kweli zinasaidia kupata kazi. Kwa maoni yangu zinamsaidia zaidi yule ambaye kazi anayo tayari, na hilo ndilo matangazo hayalisemi.

Najua nitajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo hapa inapotosha, maana kasi yenyewe haina kosa. Western Governors University cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi, hutoza ada kwa muhula wa miezi 6 na kumwachia mwanafunzi afaulu masomo mengi kadiri awezavyo. Mtu aliyefunga hesabu za kampuni kwa miaka kumi hahitaji kufundishwa mizania upya. Anafanya mtihani na kusonga mbele. Alichokuwa amekosa ni karatasi ya kumpandisha cheo, na sasa anaipata.

Aliyemaliza sekondari juzi hana akiba hiyo. Akiyapita masomo yaleyale mbiombio, atafika kwenye usaili na cheti kizuri, kisha aambiwe, “Hebu tueleze jambo kama hili uliwahi kulifanyaje.” Miaka ya chuo humpa mtu mambo yasiyoandikwa kwenye cheti: mafunzo kwa vitendo, mhadhiri anayemfahamu kiasi cha kumdhamini, wenzake ambao kesho watamnong’oneza kuwa ofisini kwao kuna nafasi. Haya ndiyo ya kwanza kupunguzwa masomo yanapofupishwa. Na kwa uuguzi, sheria au uhandisi, bodi ya taaluma isipokitambua chuo, mjadala umeishia hapo.

Kusoma kwa mbali nako kusilaumiwe. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiosoma kwake mwaka 1858, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kupitia Unisa, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa mbali, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Shahada hiyo haikuwa ya haraka hata kidogo, lakini hakuna aliyeitilia shaka kwa sababu hakuketi darasani.

Waliochafua jina ni wauza vyeti. Mwaka 2004 wapelelezi wa jimbo la Pennsylvania walimwombea paka aitwaye Colby nafasi katika kitu kilichojiita Trinity Southern University; paka akatunukiwa shahada ya uzamili ya biashara. (Matokeo yake, nasikitika kusema, yalikuwa mazuri kuliko ya wengi wetu.) Ya Axact, kampuni ya Pakistan iliyofichuliwa mwaka 2015, yalizidi: haikuishia kubuni vyuo, ilibuni hata vyombo vya kuvipa vyuo hivyo ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kinakidhi viwango. Kwa hiyo maneno “tuna ithibati” peke yake hayatoshi. Lazima ijulikane nani ameitoa, na kama mamlaka ya elimu ya nchi yako inamtambua. Mwajiri makini huhakiki, wakati mwingine baada ya mtu kuajiriwa, na hapo hupotea kazi pamoja na ada.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kabla ya kupokea fedha za tangazo la namna hii, kitakeni chuo kitaje chombo kilichokipa ithibati na mahali pa kulihakiki hilo, kwa herufi kubwa kama zile za “miezi sita”. Kitaje pia ni wahitimu wangapi walikuwa na ajira kabla ya kujiunga. Kitakachokataa, nafasi yake mpeni mwingine.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi