Usigombane na mwenye hadwea bado

Jamaa yangu,

Salamu kutoka Kisumu, huku ni joto na mbu tu kama kawaida. Meseji yako nimeisoma mara mbili, ile ya vile umechoma biti tatu za kutobolea za milimita 10 kwa sahani ya stenlesi ya hilo tangi la maziwa na sasa unataka kwenda kugombana na mwenye hadwea eti amekuuzia feki. Inaweza kuwa, feki ziko kila mahali, lakini wacha nikuulize, mashini ya kutoboa ulikuwa umeiweka spidi gani? Nakujua wewe, hukugusa mkanda wa kubadilisha spidi, uliiacha pale pale unapotobolea chuma ya kawaida.

Stenlesi haitaki hiyo haraka. Biti ya 10 ya HSS, ile chuma ngumu ya biti za kawaida, kwa chuma laini mimi naipeleka raundi kama 800 kwa dakika, kwa stenlesi nashuka hadi 350 au 400, halafu nasukuma kabisa bila kuachilia. Hapo kwa kusukuma ndio nililia mwaka jana. Nilikuwa na meza za kukatia samaki, stenlesi ya aina ya 304, biti ikaanza kupiga mayowe nikaionea huruma nikalegeza mkono, kumbe sasa haikati, inasugua. Na stenlesi ukiisugua inajifanya ngumu pale pale, chini ya shimo palikuwa panang'aa kama kioo, nikaweka biti mpya ikateleza na pembe zake zikaisha nikiangalia. Saa nzima kwa shimo moja! Mwisho nikageuza sahani nikaingilia upande wa pili. Hata sentapanchi, ile ncha ya kuweka alama ya shimo, siku hizi naipiga kidogo tu, ukiitwanga sana unaifanya ngumu kabla hata hujaanza. Na mwagia mafuta ya kukatia tangu mwanzo, usingoje moshi.

Sasa hilo la pili, eti shimo la 10 linatoka kubwa boliti inacheza ndani. Usiseme mashini imezeeka. Angalia nyuzi za chuma zinazotoka: zikipanda mfereji mmoja tu wa biti na ule mwingine unatoa unga, umenoa mdomo mmoja, yaani ukingo unaokata, mrefu kuliko mwenzake, ncha haiko katikati tena, kwa hivyo biti inazunguka ikijitanua. Nunua geji ya kupimia ncha ya digrii 118, ama jikatie bati ya digrii 59, nusu yake, upime kila mdomo peke yake, usiamini jicho, hata langu siliamini na nimenoa miaka mingi. Ukipata biti za digrii 135 za stenlesi zichukue, hazitangitangi sana mwanzoni. Halafu chungulia nyuma ya mdomo, pale panafaa kushuka kama digrii 10 hivi. Mgongo ukiwa juu kuliko mdomo utaning'inia kwa huo mkono wa mashini mpaka jioni na hakuna kitu itakata.

Shimo refu kupita mara tatu ya upana wa biti, toa biti nje mara kwa mara nyuzi zimwagike, lakini kwa stenlesi ukirudi rudi na nguvu, usiiguse guse tu.

Na hiyo biti iliyovunjika ikiwa inatokea upande wa chini wa shimo, hapo ni kawaida, chuma ikibaki nyembamba biti inanasa na kujivuta yenyewe. Wewe pale mwisho punguza kusukuma kidogo, weka mbao chini, na ufunge kazi kwa vaisi. Kijana wangu alishika sahani na mkono akidhani ana misuli, ikazunguka kama panga la feni, ikamkosa kidole hivi hivi. Glavu nazo usivae ukitoboa, mashini ikishika glavu inachukua na mkono.

Nitumie picha ya ncha ya biti na hizo nyuzi, karibu kabisa nione rangi, kama ni buluu najua ni spidi. Na vile viazi vya Molo ulivyoniahidi Krismasi, mama watoto bado anaviulizia.

Wako,
fundi wa Kibuye