Kabla ya kuwafunga mama lishe, someni vinasaba vya vimelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia hapa Dar es Salaam karibu kila masika. Kipindupindu kikizuka, au homa ya matumbo ikiongezeka, tangazo la kwanza huwa lilelile: mama lishe wafunge, wauza matunda ya kukata waondoke barabarani, juisi za mitaani zimwagwe. Mgambo wanapita, masufuria yanabebwa. Baada ya muda ugonjwa unapungua na vibanda vinarudi. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama vimelea vilikuwa kwenye wali maharage, au kwenye dumu la maji ambalo mama yule alinunua kwa kijana wa mkokoteni, kama walivyonunua majirani zake wote.

Mimi ni mtu wa maabara, na nina hakika kwamba sehemu kubwa ya jibu la swali hilo imo ndani ya vimelea vyenyewe.

Watanzania wengi wanavijua vipimo vya vinasaba kwa sababu ya zile kesi za baba halisi wa mtoto zinazofikishwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Vimelea navyo vina ukoo. Bakteria wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, ana herufi za kijenetiki zipatazo milioni 4.8. Anapozaliana, mara chache sana herufi moja hunakiliwa vibaya, na kosa hilo linarithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Kwa bakteria huyu makosa yanayobaki ni kama herufi moja kwa mwaka, au pungufu. Vimelea vya wagonjwa wawili vikilingana kabisa, haithibitishi kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake, maana mabadiliko ni ya polepole. Lakini vikitofautiana kwa herufi mia moja, hapo hakuna ubishi: wawili hao hawakuambukizana, hata wawe wanalala chumba kimoja.

Na jambo kama hilo limetokea kweli, ndani ya nyumba moja. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kutoka bonde la Kathmandu, Nepal. Nyumba ya kila mgonjwa wa homa ya matumbo iliwekwa kwenye ramani, na vimelea vyake vikasomwa vinasaba. Kwenye ramani wagonjwa walionekana wamerundikana sehemu fulani fulani, na yeyote angesema wanaambukizana majumbani, kwa mikono na vyombo vya jikoni. Vinasaba vikaonyesha jambo jingine. Katika rundo moja, na hata ndani ya nyumba moja, zilikutwa koo tofauti za vimelea. Kama mpishi wa nyumba ndiye angekuwa chanzo, familia nzima ingebeba ukoo mmoja. Koo nyingi chini ya paa moja maana yake watu hao wanakunywa mahali ambapo vinyesi vya watu wengi vimekwisha kuchanganyika. Maambukizi ya mtu kwa mtu yalikuwepo, ila machache ukilinganisha na yale yasiyo ya moja kwa moja. Wagonjwa walikuwa wengi karibu na vyanzo vya maji vya umma na kwenye maeneo ya chini, na vimelea vikagundulika kwenye maji yenyewe.

Mhariri, mtu wa Tandale au Jangwani akisoma maneno hayo, "maeneo ya chini", atajiona yeye. Sote tunajua mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha vyoo, yaani wanaachia kinyesi kiende na maji ya mvua. Tunajua pia maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Bomba likikosa presha, na lina ufa, na limepita kwenye mtaro, linavuta uchafu wa nje kwenda ndani. Maji yakirudi, ndoo ya kwanza inabeba uchafu huo. Mama lishe anaosha kachumbari kwa maji hayohayo. Ukimfunga, umemwondoa mtu mmoja aliyepokea uchafu kama wengine, na ufa umebaki palepale.

Sisemi kwamba chakula hakina hatia kamwe. Utafiti uliofanyika katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2021, ulipima watoto wa chini ya miaka 16. Kati ya watoto 8,549 wa kulinganisha, wasiokuwa wagonjwa wa homa, 95 walikutwa na vimelea vya homa ya matumbo kwenye kinyesi, yaani mtoto mmoja hivi katika kila mia. Vinasaba vya vimelea vyao vilichangamana na vya watoto wagonjwa, na vingi vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa. Kwa hiyo wabebaji wasio na dalili wapo, na mpishi anaweza kuwa mmoja wao. Lakini mahali ambapo mtu mmoja kati ya mia anabeba vimelea bila kujua, na choo hakina pa kwenda, kufunga vibanda kumi hakugusi tatizo.

Kwa upande wa kipindupindu, uchambuzi wa jenomu 1,070 (jenomu ni vinasaba vyote vya kimelea kimoja) kutoka nchi 45 za Afrika, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba ukoo mmoja wa ugonjwa huu umeingizwa barani kwetu angalau mara 11 tangu 1970. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba vimelea vya mlipuko mkubwa wa Yemen ni ndugu wa karibu wa vile vilivyokuwa Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Habari ya safari hizo tumeipata. Habari ya kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ndani ya jiji letu, ambayo ndiyo ingemsaidia mhandisi wa maji kesho asubuhi, hatuipati.

Kikwazo kikubwa kiko mapema kabisa, pale mgonjwa anapoambiwa "una taifodi". Mara nyingi kilichofanyika ni kipimo cha Widal: tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, tone la kitendanishi (dawa ya kupimia), unazungusha dakika moja, ukiona chembechembe unaandika majibu. Kipimo hicho kinatafuta kinga ya mwili, hakimkamati bakteria, na kinga hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani au wa kitu kingine kabisa. Mgonjwa anaondoka na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, na hakuna kimelea kilichobaki maabara. Pasipo kimelea hakuna vinasaba vya kusoma.

Kuotesha ndiyo njia. Damu inachukuliwa kabla ya dawa, inaingizwa kwenye chupa ya mchuzi wa kuotesha, inawekwa kwenye joto la nyuzi 37. Mchuzi ukigeuka wa ukungu, dalili kwamba bakteria wameota, unawapanda kwenye sahani ya MacConkey, yenye chakula cha kuoteshea bakteria. Vimelea hivi vinaota vikiwa na rangi hafifu, tofauti na vya E. coli, bakteria wa kawaida wa tumboni, vinavyogeuka waridi. Inachukua siku kadhaa na chupa zina gharama, na ndiyo maana vituo vingi havioteshi. Lakini tunalipa gharama nyingine kila siku kwa dawa tunazopiga kwa kubahatisha. Huko Sindh, Pakistan, kuanzia mwaka 2016 homa ya matumbo ilianza kushinda hata sindano ya ceftriaxone, na ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba usugu huo ulibebwa na plasmidi, kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria hupeana, inayofanana na ile ya bakteria wengine wa tumboni. Sindano hiyohiyo ndiyo tunayokimbilia hapa kwa homa ya aina yoyote.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na halmashauri za jiji halihitaji majengo mapya. Hospitali chache za rufaa katika kila jiji ziwezeshwe kuotesha damu na kinyesi bila mgonjwa kulipia, na vimelea vitunzwe kwenye friji badala ya kutupwa. Fomu ya mgonjwa iandikwe mtaa anaoishi na maji anayotumia: bomba, kisima, boza au dumu. Jina lisitoke maabara. Mashine za kusoma jenomu zilizotumika wakati wa UVIKO-19 zinasoma bakteria pia, na sasa nyingine ni ndogo za kushikika mkononi.

Kisha majibu yasiishie kwenye majarida ya wataalamu miaka mitatu baadaye. Yafike kwa mamlaka ya maji ndani ya wiki, yakiwekwa juu ya ramani ya mabomba na visima, na nakala ya Kiswahili ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili mama lishe anayeamriwa kufunga aweze kuuliza amri hiyo imetokana na kipimo gani.

Mteknolojia wa maabara,
Temeke, Dar es Salaam